Sanduku Lililofurika

Kila siku saa kumi jioni basi la shule lilimshusha Maren Tveit kwenye njia panda, mbele ya sanduku la barua la nyumba yao. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa kwenye barabara ya changarawe, na upepo wa Novemba wa North Dakota haumwonei mtu huruma. Maren alikuwa na miaka kumi na miwili. Mgongoni alibeba mkoba wa vitabu, mkono wa kulia ulishika kasha la tarumbeta la shule, na mkono wa kushoto ulikuwa wa barua. Kuleta barua ndiyo kazi aliyopewa nyumbani.

Ukiziita barua unazipa heshima zisiyostahili. Yalikuwa matangazo. Katalogi ya mbegu, katalogi ya viatu, kadi ya mtu anayetaka kuwabadilishia madirisha, bahasha ya bima, na bahasha nyingine ya bima ile ile. Nyingi zilikuwa na jina la bibi yake, Verna, aliyefariki Machi mwaka uliopita. "Bibi Verna, umechaguliwa." "Bibi Verna, usikose." Nusu yazo zilipigwa maneno mekundu: MUHIMU SANA, au TAARIFA YA MWISHO. Maren alikwisha soma labda taarifa za mwisho mia mbili na hakuona mwisho wowote.

Babu yake, mzee Orrin, alizichambua mezani, na akikuta jina la mkewe aliigeuza bahasha kifudifudi. Mama yake, Janelle, alifua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi miguu ikimuuma, akazisukuma pembeni apate mahali pa kuweka sahani. Kisha zikatupwa. Kesho yake zikaja nyingine.

Jumatatu moja Maren hakufungua sanduku. Tusidanganyane, alikuwa amechoka. Baadaye alijiambia kwamba hataki babu alione lile jina, na hilo nalo lilikuwa kweli, lakini uchovu ndio uliotangulia. Babu alipouliza kama kuna chochote, alijibu kwamba leo hakuna kitu. Mzee aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Ilikuwa rahisi. Jumanne ikawa rahisi zaidi.

Wiki ya pili mlango wa sanduku haukufungika tena. Katalogi zilichungulia nje, zimelowa theluji. Shayla, msichana wa shamba la jirani aliyekaa naye kwenye basi, aliona.

"We Maren, sanduku lenu limeshiba kama mjomba wangu kwenye karamu ya Siku ya Shukrani. Bado kulegeza mkanda tu."

"Shughulika na lenu."

"Letu natoa kila siku, shoga. Nikiacha, mama ataninyoa."

Ijumaa ya wiki hiyo Maren alikuta sanduku tupu. Ndani kulibaki kadi moja tu ya rangi ya chungwa, juu imeandikwa TAARIFA kwa herufi kubwa. Hakuendelea kusoma. Aliichana, vipande akavipa upepo. Alidhani watu wa matangazo nao wamechoka. Tangu siku hiyo, kila aliposema hakuna kitu, alikuwa anasema kweli, na akalala vizuri.

Hakukumbuka kwamba vidonge vya moyo vya babu navyo vililetwa na posta. Vilikuja kila baada ya miezi mitatu, katika mfuko mdogo mweupe usio na neno hata moja jekundu.

Mzee Orrin aliona chupa inaisha. Hakusema. Binti yake alikuwa na mengi, na dawa zilikuwa zinakuja siku zote, zingekuja tu. Alichukua kisu chake cha mfukoni akaanza kukata vidonge katikati, nusu leo, nusu kesho. Viatu vikaanza kumbana. Akawa analala kitini, maana akijinyoosha kitandani pumzi ilikatika. Maren alipomuuliza kwa nini anavaa ndala na nje kuna theluji, alisema ni uzee.

Jumamosi moja asubuhi aliinuka kwenda kulisha kuku, akaishia mlangoni. Alishika ukuta, akajishusha sakafuni polepole kama mtu anayetua gunia. Uso ulikuwa wa kijivu. Janelle alipiga magoti akambonyeza kifundo cha mguu kilichovimba, na kidole kikaacha shimo.

"Baba, dawa umekunywa?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

Mzee alionyesha chupa dirishani. Kulikuwa na vipande viwili.

Walimkimbiza hospitali ya mjini. Alipokwisha lazwa na kuwekewa dawa mshipani, Janelle alisimama kwenye ukumbi akawapigia simu watu wanaotuma vidonge. Walimwambia walivituma zamani, na posta ikavirudisha. Sababu iliyoandikwa ni kwamba nyumba haina mtu.

"Haina mtu?" alisema Janelle. "Tuko pale miaka kumi na tisa."

Maren alikuwa kwenye kiti cha plastiki, karibu. Angeweza kunyamaza. Posta ingebeba lawama, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama mama yake ameegemea ukuta, macho kayafumba, miguuni buti mbili zisizolingana.

"Mama, ni mimi. Nilikuwa sizichukui barua. Nilisema hakuna kitu, kumbe zipo."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliuliza ni siku ngapi, na kama posta waliacha ujumbe wowote. Maren akaeleza habari za ile kadi.

Babu alipewa vidonge vipya siku hiyohiyo, na muuguzi akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba dawa ya moyo haikatwi bila kumuuliza daktari. Jumapili maji yalikuwa yamepungua miguuni. Jumatatu Janelle aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, akampeleka Maren posta. Huko alikuwepo Dorla, mama anayepeleka barua za upande wao kwa gari. Maren aliomba radhi mwenyewe, hakusukumwa.

"Nina masanduku mia nne na themanini, mwanangu," Dorla alisema. "Likijaa vile, sijui mimi kwamba mmechoka. Najua watu wamehama, au wamekufa. Nilizitoa zote, nikaacha kadi mje kuzichukua hapa, nikasubiri siku kumi, hakuna aliyekuja, vifurushi nikavirudisha."

Halafu akawaelekeza. Tangazo halikomi kwa kuachwa sandukuni, linakomeshwa linakotoka. Nyuma ya kila katalogi kuna namba ya simu. Piga, taja jina, waambie walifute. Kwa marehemu lipo daftari maalumu, unaandikisha jina mara moja na wengi wa wanaotuma matangazo wanaacha. Itachukua miezi miwili au mitatu.

"Inachosha," alisema, "lakini inachosha mara moja."

Babu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, siku iliyofuata walikaa mezani wote watatu baada ya shule, na simu mbili na rundo la katalogi walizochukua posta. Walisubiri sana. Muziki wa kusubirisha watu ulilia mpaka mama akaegemeza kichwa mkononi. Maren alirudia maneno yale yale, kwamba anaomba jina la bibi litolewe, bibi amefariki. Kijana mmoja akauliza kama Bibi Verna angependa kwanza kusikia habari za bidhaa mpya za baridi. Mzee Orrin akaichukua simu.

"Nilimzika mwenyewe, kijana. Hapendi."

Baada ya namba ya tisa Maren akamuuliza babu kama amemkasirikia.

"Kwa uso gani?" alisema mzee. "Wewe ulificha barua, mimi nikaficha chupa. Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Humu ndani nani hajachoka? Lakini aliyechoka akisema, wenzake wanamshika mkono. Akidanganya, mzigo haupungui, unamwangukia mtu ambaye hata hajajiandaa. Mimi ulikaribia kuniua, na mimi mwenyewe nikakusaidia."

Janelle, macho bado yamefumba, alisema kuwa Jumanne na Alhamisi atasimamisha gari kwenye sanduku achukue barua akitoka kazini, kwa sababu anapita palepale. Hakuwahi kuombwa, ndiyo maana hakuwahi kufanya.