Uzi Hukatwa na Mwenyewe

Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi bila kukoma wala kuzidi. Mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na umri wa kunyonya, aliketi dirishani akipunguza gauni alilokuwa amelivaa. Lilikuwa gauni lile lile alilolipunguza wiki iliyotangulia.

Tulikuwa tumeuhama mji wake baada ya mimi kupata kazi huku. Aliupenda mji ule wote, lakini kilichomkaa moyoni hasa ni chumba kimoja cha ushonaji, cherehani tatu na wendani wake wawili: Kijiti, mwembamba kama jina lake, na Bi Kelele, ambaye hata siri zake zilisikika mtaa wa pili. Chumba kile kilikuwa na mwiko mmoja. Fundi anayehama hanyanyuki kitini kabla hajaukata uzi wa cherehani yake, wala hakatiwi na mwenziwe. Siku ya kuondoka mama mdogo alilia hata akasahau. Akapanda gari, uzi ukabaki sindanoni. Wenzake hawakuugusa.

Tangu hapo hakutulia. Alikuwa akisimama mlangoni, akirudi ndani, akisimama tena. "Nipo, sipo," alizoea kuniambia. Nilidhani ni namna ya kusema tu.

Simu ikalia. Akaiweka kwenye spika ili mikono yake iendelee na kazi.

"Shoga, una roho gani wewe?" ilipaa sauti ya Bi Kelele. "Tangu juzi unaingia, unakaa kitini pako, salamu huna! Umekuwa bibi harusi, husemi?"

Mama mdogo akacheka. "Nije kwa mabawa? Niko kwangu, natia pini."

"Acha masihara. Simu nimekupigia nikuone ukiipokea. Uko hapa mbele yangu."

Kicheko kilikatika pande zote mbili.

Kijiti aliichukua simu. Yeye hakuwa mtu wa mzaha. Alinong'ona kwamba walidhani mwenzao anaumwa na amekuja kimyakimya. Kwamba hakula wala hakunywa. Kwamba alikanyaga cherehani kutwa nzima bila kitambaa chini ya sindano. "Kwa kuwa gauni linampwaya, jana nimempima kiuno nimshonee jingine," alisema. "Inchi kumi na nne."

Nilimvua mama mdogo tepu iliyokuwa shingoni mwake. Nikaizungusha kiunoni, juu ya pini. Ishirini na mbili. Kila gauni lake nililowahi kuliona likikatwa lilikatwa kwa kiuno cha thelathini na sita. Hesabu ilijijumlisha yenyewe kichwani mwangu, nami nikatamani ningekuwa sijasoma.

"Mwambie huyo wa kule arudi," nilinong'ona. "Ukienda wewe, mimi nina nani?"

Alinipapasa kichwani. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama bitana ya ndani ya gauni.

"Kijiti," alisema, "uzi wangu bado upo?"

"Upo, dada."

"Mpe huyo aliyekaa hapo mkasi."

Nilishusha pumzi. Uzi ukikatwa, nilijiambia, kule patamwachilia, naye atanirudia mzima. Sikumtazama uso. Nilipomtazama, alikuwa ameelekea dirishani, akitabasamu kama mtu aliyeitwa na watu anaowapenda.

Manyunyu yakakoma.

Mkasi ukasikika simuni. Mara moja.

Gauni lilishuka kitini taratibu. Vifungo vilikuwa vimefungwa vyote. Pini zilikuwa mahali pake. Niliweka kiganja juu ya kitambaa.

Kilikuwa bado na joto.

"Amesimama," Bi Kelele alinong'ona, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Anacheka. Anatuita kwa majina yetu."

"Mama!" nililia. "Mama, ni mimi!"

Pakawa na minong'ono mbali na simu. Kisha Kijiti akarudi.

"Anauliza nani huyo anayelia."

Nilikaa sakafuni. Tepu ilikuwa bado mkononi mwangu, imejikunja duara tupu.

"Mpimeni," nilisema.

Nikasikia tepu nyingine, kule, ikikunjuliwa. Ikazungushwa. Ikavutwa.

"Thelathini na sita."