Farasi Aliyeachwa Nje

Ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Mvua ilikuwa imekatika robo saa kabla, na ukungu mwepesi ulikuwa ukishuka kutoka vilimani kuelekea barabara ya Idodi, nje kidogo ya mji wa Iringa. Eveline Kalinga alisimama kwenye lango la banda lake akiwatazama farasi wanane, ambao hata mmoja wao hakuwa wake.

Kazi yake ilikuwa kutunza farasi wa watu. Alisomea mifugo chuo kikuu, akarudi nyumbani na kanuni zake, na wenye farasi walimwamini kwa sababu ya kanuni hizo. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kabla jua halijazama, kila farasi awe ndani. Mvua za masika zikikolea, giza linapoingia hutoka usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, na kuumwa nao huleta homa inayojaza maji mapafu ya farasi, hata mnyama akafa kama aliyezama mtoni ilhali amesimama nchi kavu.

Bujiku, mtunzaji wake mkuu, aliongeza kanuni yake mwenyewe. Alikuwa Msukuma wa Ubaruku, aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake katika bonde la Usangu. Kila jioni aliweka kinyesi kikavu cha ng'ombe mbele ya milango ya banda na kukiwasha kwa namna ambayo hakikutoa mwali, bali moshi tu. Mwanzoni Eveline alimcheka. Baadaye aliona kwamba usubi haukai penye moshi ule, akaacha kucheka.

Jioni hiyo alikuja Gloria, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga, mwenye farasi mwekundu aliyeitwa Shaba. Alikuja na mdogo wake aliyekuwa akijiandaa kwa send-off, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, mashoga wanne na mpiga picha.

"Eve, shoga yangu, mnachoma nini hapa?" Gloria alisema huku akijipepea. "Gauni la laki nane litanukia zizi! Bwana harusi atadhani kaletewa mtamba."

Wote wakacheka. Eveline naye akacheka, kisha akamgeukia Bujiku. "Zima huo moshi. Shaba mwache pale uwanjani wapige picha."

Bujiku alilitazama jua. "Mama, huyu muda wake wa kuingia umefika."

"Nusu saa tu, Bujiku."

"Usubi hauna saa, mama."

"Nimesema nusu saa. Wewe nenda kapumzike, nitamwingiza mwenyewe."

Bujiku alimwaga maji juu ya kinyesi kilichokuwa kikifuka, akaondoka. Wageni waliondoka kabla ya saa kumi na mbili, lakini Eveline alijisahau, akamwingiza Shaba saa moja na dakika kumi, giza likiwa limeshatanda. Alipompangusa shingo, kiganja chake kilijaa vidudu vilivyopondeka. Alinawa mikono. Kisha akafungua daftari la banda na kuandika: *Shaba ndani, saa kumi na mbili kamili.*

Siku ya tisa, Ijumaa, Shaba hakula. Saa sita mchana alikuwa akihema kwa mbavu nzima. Saa tisa povu jeupe lilimtoka puani, jingi, likidondoka mapande kwa mapande, na miguu ikamwishia.

Gloria alifika akilia. Majirani walikuwa wamekusanyika, na mmoja wao alikuwa ameshasema kwamba Msukuma yule kila jioni alikuwa akifukiza dawa mlangoni. Rabson, mfanyakazi wa pili, aliinamisha kichwa na kunong'ona, "Mimi moshi ule nilikuwa siuelewi tangu zamani."

"Eve, niambie wewe," Gloria alisema. "Siku ile tulipoondoka, farasi wangu aliingia saa ngapi?"

Bujiku alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika hatamu ya marehemu Shaba.

"Saa kumi na mbili kamili," Eveline alisema. "Imeandikwa."

Bujiku alimtazama. Aliitundika hatamu kwenye msumari, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Gloria alimlaani Bujiku mbele ya wote kuwa mchawi, na kwa siku mbili mfululizo usiku bati la chumba chake lilipigwa mawe. Jumatatu, tarehe 31, yeye na mkewe Ng'washi walipanda gari la Ubaruku wakiwa na magodoro mawili. Eveline aliwatazama kupitia dirishani.

Jumatano iliyofuata, jua lilipogusa vilima, farasi saba waliobaki waliacha kutafuna kwa pamoja. Masikio yao yote yaligeukia chumba cha Shaba, ambacho kilikuwa kitupu na kimepakwa chokaa. Kisha Eveline akanusa moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

Alizunguka banda mara mbili. Hapakuwa na moto popote. Kulipopambazuka alikuta povu jeupe kwenye sakafu ya chumba kile. Aliligusa. Lilikuwa na joto.

Siku ya tatu alisikia mlio kutoka uwanjani. Haukuwa mlio wa hofu. Ulikuwa mlio mfupi, wa uvumilivu, anaoutoa farasi aliyezoea kuingizwa ndani anapoona amesahauliwa. Eveline alitazama. Pale walipopigia picha, ndani ya ukungu, palisimama mgongo mwekundu.

"Rabson," alinong'ona. "Unaona nini pale?"

"Ukungu, dada."

"Husikii?"

"Sisikii kitu." Rabson alirudi nyuma hatua moja. "Lakini hawa farasi wanasikia."

Kila jioni mgongo ule ulisogea karibu zaidi. Kwanza kwenye nguzo za uzio. Kisha kwenye birika la maji. Siku ya kumi ulikuwa nje ya dirisha la chumba cha Eveline, na kioo kilipata ukungu wa pumzi upande wa nje.

Asubuhi, Jumamosi tarehe 12 Aprili, alimpigia simu Bujiku. Aliyepokea alikuwa Ng'washi.

"Mwenye simu tumemzika juzi," alisema.

Eveline alikaa chini kwenye simenti.

"Tangu tufike huku, jua likizama alikuwa anatoka nje peku," Ng'washi aliendelea kwa sauti ya chini. "Ameinua mkono hivi, kama anavuta mnyama. Namwambia, baba Ngolo, unakwenda wapi? Ananiambia kuna farasi wa mama yuko nje, hajaingizwa. Wiki iliyopita kifua kikambana. Hospitali wakasema nimonia. Ila lile povu, mama... mimi mtu anayetoa povu namna ile sijawahi kumwona."

Jumatatu Eveline aliendesha gari hadi Ubaruku, akapiga magoti kando ya kaburi bichi, akakiri yote mbele ya Ng'washi na mwanawe mkubwa Ngolo. Ngolo alikuwa mtu mzima mwenye mashamba ya mpunga, na alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Sisi hatuna cha kukufanya, mama," alisema. "Ila hapa hakuna aliyemwita baba yangu mchawi. Hayo maneno yako yapeleke kule walikomwita."

Aliyapeleka. Jumatano ya Juma Kuu aliwaita majirani wote na wenye farasi wote, akafungua daftari mbele yao. "Shaba nilimwacha nje mimi. Moshi niliagiza uzimwe mimi. Saa hii niliyoandika ni ya uongo. Bujiku ndiye peke yake aliyenionya, na mimi nikawaachia mumwite mchawi, na sasa amezikwa."

Gloria alikuwa wa kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa imepauka. "Kwa hiyo nimemlaani mtu hadi kaburini kwa ajili ya picha zangu mwenyewe?"

Hadi Jumamosi jioni farasi wote saba walikuwa wamechukuliwa. Rabson naye alikuwa ameaga. Ilikuwa imetimia mwezi mmoja kamili tangu jioni ile ya picha, na mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa.

Jua lilipozama, mlio ulisikika. Mfupi. Wenye uvumilivu.

Eveline alichukua hatamu msumarini, akatoka nje.

Ukungu ulikuwa umefika kiunoni. Alitembea hadi uwanjani. Aliinua hatamu hewani, akaongea kwanza kabla ya kugusa, kama alivyowafundisha wengine: "Njoo, baba. Tuingie."

Hatamu ikawa nzito.

Hakugeuka. Aliishika kamba, akaanza kutembea. Nyuma yake kwato zilizama kwenye tope na kuchomoka. Moshi ulimjia puani. Kwenye bega lake la kulia palikuwa na pumzi. Ya moto. Ya karibu. Yenye mkwaruzo wa maji ndani yake.

"Nisamehe," alisema. Pumzi ilisita. Kisha ikaendelea.

Mlango wa chumba cha Shaba ulikuwa wazi. Yeye hakuufungua. Alisimama kando, akailegeza kamba. Uzito ukapita mbele yake na kuingia ndani. Komeo likajifunga taratibu.

Alikaa pale hadi Pasaka ikapambazuka. Kulipokucha chumba kilikuwa kitupu na kikavu. Alitoka kuangalia njia aliyopita, na kwa mazoea ya kazi yake alichukua futi ya kupimia.

Tope lilikuwa limeshika kila kitu. Upande wa kushoto zilikuwepo alama za mabuti yake. Upande wa kulia, kwato, mbali zaidi ya alivyotarajia, umbali wa mita nzima. Pumzi ya farasi isingeweza kulifikia bega lake kutoka kule.

Katikati ya mistari hiyo miwili kulikuwa na mstari wa tatu, kutoka uwanjani hadi mlangoni. Nyayo za mtu, peku, kubwa kuliko zake.

Alipiga goti. Alipima kutoka ukingo wa buti lake hadi kidole cha karibu cha unyayo ule, akarudia kwenye hatua iliyofuata, na iliyofuata. Kipimo hakikubadilika hata mara moja.

Sentimita nne.