Waifai ya Marehemu Gabu

Jua lilikuwa linazama upande wa Mindu, na Luqmani alikuwa anapanda mlima akiwa na hasira. Hilo halikuwa jipya. Hasira aliianza siku aliyorudisha joho la mahafali, joho la kukodi, akabaki na degree ya telecommunications ambayo mpaka leo ilikuwa imemfungulia mlango mmoja tu: mlango wa chumba chake Mafiga, akitoka kwenda kubandika kamera kwenye nyumba za watu.

Dereva wa bodaboda alizima pikipiki pale njia ya kutoka Kilakala inapoanza kubana.

"Fundi, mimi naishia hapa."

"Si tulikubaliana mpaka juu?"

"Tulikubaliana kabla hujasema unaenda kwa Bibi Magdalena."

"Kwani ana nini?"

Dereva akakuna shingo. "Hana kitu. Ndiyo maana mimi naishia hapa."

Great logic, Luqmani akawaza. Huyu naye anapiga kura. Akabeba begi lake la vifaa, akamalizia kilima kwa miguu.

Habari za bibi alikuwa anazijua. Nani Morogoro hazijui? Gabrieli, mwanawe aliyekuwa akiishi naye, watu wote wakimwita Gabu, alilala mzima na asubuhi hakuamka. Udongo wa kaburi haujakauka, Evance akaanza maneno. Evance ni mtoto wa dada yake bibi. Akasema bibi ndiye amemla mwanawe, na kwamba usiku halali ndani, anatembea. Sasa shamba la migomba analokaa bibi ni la ukoo wa mama, na Evance ametoka tumbo hilohilo. Binti pekee wa bibi, Veronika, yuko Dodoma. Bibi akiondoka, nani anabaki? Hesabu ya darasa la pili. Lakini wazee wa ukoo walikuwa wanaikokotoa kama ya chuo kikuu.

Veronika ndiye aliyetoa wazo la kamera. Ifungwe kibarazani, iutazame mlango wa mama yake usiku kucha, na kikao cha ukoo kikikaa, waone kwa macho yao kama bibi anatoka au hatoki. Wazee walikubali. Luqmani akaifunga, ikafanya kazi vizuri, Veronika akawa anamwona mama yake kwenye simu kutoka Dodoma. Halafu ikakata. App ikawa inaandika tu kwamba kamera haipo hewani, jioni moja, ya pili, ya tatu.

Na kikao kilikuwa kesho asubuhi. Evance alishaanza kuuliza, kwa ile sauti yake ya upole: huyo bibi kaizima ili atoke kwenda wapi? Kama hakuna picha, bibi anafungasha. Na bibi vizee wanaofukuzwa kwa jina la uchawi, watu wa huku wanajua, mara nyingi hawafiki mbali.

Luqmani alimkuta bibi ameketi kwenye kigoda kibarazani, rozari mkononi, chini ya kamera.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umechelewa, mjukuu wangu."

"Boda kaniacha kule chini."

"Ungekuja kesho basi."

"Kesho ndiyo kikao, bibi."

"Najua," akasema, akasogeza punje moja ya rozari.

Luqmani akamtazama vizuri. Mtu ambaye kesho anaweza kufukuzwa kwake, halafu hana haraka. Akaliweka hilo pembeni, kichwani.

Kamera ilikuwa na taa ndogo ya buluu. Ikipepesa, inatafuta mtandao. Ikitulia, imeupata.

Ilikuwa imetulia.

Akafungua app. Haipo hewani. Akaingia sebuleni, akachomoa ruta, akahesabu pumzi, akachomeka. Hola, hakuna kilichobadilika. Akahakikisha ruta inatoa mawimbi yale ya zamani, ya 2.4, maana kamera hizi za bei chee hazijui mengine. Yako sawa. Akaingia ndani ya ruta yenyewe kuona vifaa vilivyojiunga. Kilikuwepo kimoja. Simu yake.

Kamera haikuwemo.

"Bibi, nani amegusa hii kitu?"

"Sijaigusa mimi."

"Evance je?"

"Evance hapiti kibarazani," akasema bibi. "Anapita migombani."

Luqmani akarudi ndani. Akachomoa ruta tena, safari hii akabaki ameshika waya mkononi, akachungulia mlangoni akisubiri taa ya buluu ianze kupepesa. Lazima ipepese. Hiyo siyo imani, hiyo ni fizikia.

Taa ikabaki imetulia.

Nje, majani ya migomba yakasuguana, ingawa upepo haukuwepo. Kulikuwa na harufu. Plastiki iliyopata moto.

Akaitazama simu yake. Ruta ilikuwa imezimwa, waya anao mkononi, na bado pale juu kulikuwa na jina la mtandao, vimistari vyote vimejaa.

GABU WA MLIMANI.

Ndipo akakumbuka siku ile ya kufunga kamera. Ruta mpya Veronika aliituma kwa basi, na bibi alimuuliza kama mashine nayo inapewa jina. Lolote utakalo, alimjibu. Bibi akasema, "Mpe la Gabu. Marehemu jina lake halilali chini, lazima arithiwe." Luqmani alicheka, akaona safi tu. Jina lilelile la zamani, paswedi ileile ya zamani, kila kitu kitajiunga chenyewe. Shortcut.

"Bibi," akaita. "Ruta ya zamani iko wapi? Ile ya Gabu mwenyewe."

"Nilimpelekea."

"Ulimpelekea nani?"

"Mwenyewe. Na kikombe chake, na sahani yake. Vitu vya marehemu unavirudisha ndani ili nani avitumie?"

Luqmani akavuta pumzi, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Kumbe. Ruta mbili zenye jina moja na paswedi moja, kamera inakwenda kwa yenye sauti kubwa. Haina akili ya kujua yupi mzima na yupi marehemu. Kwa hiyo kuna mtu ameiokota ile ya kaburini, akaichomeka kwenye betri, akaificha karibu, ili kamera ya bibi ipotee hewani kabla ya kikao. Na huyo mtu anapita migombani. Mchongo wa kishamba, lakini kudadeki, msafi.

"Nakuja," akasema.

"Mjukuu wangu. Usiende huko saa hizi."

Alishashuka ngazi. Simu mkononi, macho kwenye vimistari. Gizagiza lilikuwa limeanza kujaa chini ya migomba, majani makavu yakilia chini ya viatu vyake. Kila alipokwenda pembeni, mtandao ulipungua. Aliporudi katikati, ukajaa. Alijiandaa kumkuta Evance amechuchumaa. Alikuwa ameshatunga hata tusi.

Hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na kaburi, msalaba wa mbao, kikombe cha bati kilichotobolewa kitako, sahani yenye ufa. Na ruta. Imekaa juu ya udongo, antena zake zimesimama kama masikio. Waya wake ulikuwa umekatwa kwa panga, kimebaki kipande kifupi kama kidole. Haikuwa na betri. Akaipapasa chini, akafukua udongo kidogo. Hakuna. Taa zake zote zimekufa.

Akaishika.

Ilikuwa ya moto. Joto la mtu mwenye homa.

Simu ikatetemeka mkononi. Ilikuwa imejiunga yenyewe. App ikafunguka, na picha ikaja, safi kuliko ilivyowahi kuwa: kibaraza, kigoda, bibi. Chini yake zikajipanga picha za zile jioni zilizopotea, moja baada ya nyingine. Akabonyeza ya kwanza iliyofika.

Bibi amekaa, anatazama juu kwenye kamera. Anaongea.

"...na ubaridi je, unausikia?"

Kisha sauti nyingine. Kamera hizi zina spika, mtu aliye mbali anaweza kuongea kupitia hapo. Sauti ya mwanaume, taratibu, yenye mikwaruzo.

"Funga mlango, mama."

"Nimefunga."

"Na komeo la chini. Evance yuko migombani."

Bibi akainuka, akaingia, mlango ukafungwa. Hakutoka tena mpaka kulipokucha. Dakika chache tu baada ya mlango kufungwa, pembeni kabisa ya picha, kivuli cha mtu kikapita kati ya migomba, kikasimama, kikautazama mlango kwa muda mrefu.

Luqmani akajikaza kufikiri. Think. Mwenye paswedi yeyote anaweza kuongea kwenye ile spika. Evance anaweza kuwa nayo. Lakini ni mshenzi gani anaotea mlango wa mtu halafu anamwonya mwenye nyumba kwamba yupo?

Akairudisha picha ya sasa hivi. Bibi bado yuko kigodani. Ameinua uso kuelekea kamera, rozari imetulia mapajani.

"Gabu," akanong'ona. "Kuna kijana hapo kwako. Usimtishe, ni mtoto wa watu."

Majani yakaacha kusuguana.

Halafu, kwenye simu iliyokuwa kiganjani mwake...

"Namwona."

Hakukumbuka alivyorudi. Alijikuta sebuleni, magoti yamejaa udongo, anachomeka ruta mpya.

"Nabadilisha jina," akasema.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Usifanye hivyo."

"Bibi, wewe ulikuwa unajua."

"Ni mwanangu. Nikaongee na nani?"

"Kesho wazee wakisikia hiyo sauti, unadhani watasema ni mtoto anamsalimia mama yake? Watakuchoma moto humu ndani. Ndicho anachokitaka Evance."

Bibi akaitazama ruta. Kisha akauliza, polepole, "Ukimnyima jina, ataingilia wapi? Nani ataniambia nifunge mlango?"

"Kamera itakuangalia."

"Kamera inaangalia tu," akasema bibi. "Haiambii mtu."

Luqmani akaufungua ukurasa wa ruta kwenye simu. Akaandika jina la kwanza lililomjia, kwa herufi kubwa. MAGDALENA. Paswedi mpya. Kamera ikapepesa, ikatafuta, ikatulia. App ikafunguka. Ipo hewani.

Muda huohuo Veronika akapiga kutoka Dodoma, analia. "Namwona mama. Namwona kabisa. Mungu akubariki, fundi."

Fundi. Kwa mara ya kwanza hakukasirika kuitwa hivyo.

Asubuhi, kikao kilikaa uani. Wazee kwenye viti vya kukodi, Evance pembeni, amechomekea shati, mpole kama katekista. Luqmani akawaonyesha picha za jioni zote, simu ikipita mkono kwa mkono. Bibi anakaa. Bibi anaingia. Mlango unafungwa. Mlango unafunguliwa kumekucha. Zile dakika za kivuli alizikata. Uso hauonekani, na bila uso Evance angesema kile kivuli ni bibi mwenyewe, ametoka kwa njia anazozijua.

"Mbona haina sauti?" Evance akauliza.

"Maiki mbovu. Kamera ya bei chee."

"Mbona midomo yake inatembea?"

Wazee wakainua vichwa. Luqmani akainyooshea kidole picha.

"Ana rozari mkononi, bro. Wewe unavyosali midomo unaifungia sandukuni?"

Mzee mmoja akacheka, kisha wa pili. Basi ikaisha hivyo. Wakasema Magdalena abaki kwake, na atakayerudia maneno yale ataulizwa yeye. Evance alicheka pamoja nao. Wakati wa kuagana alimshika Luqmani mkono, akaung'ang'ania kidogo.

"Kazi nzuri, fundi," akamwambia chini chini. "Kwa hiyo sasa hivi inaangalia tu, siyo?"

Mpaka Luqmani anafika chini ya mlima ndipo swali lile lilipomwingia vizuri. Inaangalia *tu*. Alijuaje kwamba kabla ya hapo ilikuwa inafanya kingine?

Jioni ile alikuwa Mafiga, chumbani, anasubiri chai ichemke. Jua lilikuwa linazama. Ule mtandao wa kaburini alikuwa ameufuta kwenye simu jana hiyohiyo, mara mbili, kwa uhakika. Simu ilikuwa juu ya godoro. Ikatetemeka.

Harufu ya plastiki iliyopata moto.

GABU WA MLIMANI. Vimistari vyote vimejaa. Kutoka pale hadi kwenye ile migomba kuna mji mzima katikati.

"Mwambie mama," sauti ikasema, taratibu, na safari hii ilikuwa kama inatweta. "Mwambie afunge mlango."

Luqmani akaidaka simu, akampigia bibi. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akafungua app. Picha ikaja ikiwa imeganda: kigoda kimelala ubavu, rozari chini, mlango uko wazi.

Kisha app ikaandika kwamba kamera haipo hewani.

Akampigia dereva wa boda, hakupokea. Akampigia Veronika, naye simu yake ilikuwa inatumika. Akarudi kwenye orodha ya mitandao, kwa sababu hakujua pengine pa kutazama. Gabu alikuwa bado pale juu. Na chini yake, wakati anaangalia, likatokea jina la pili. Mstari mmoja. Miwili. Ikajaa yote.

MAGDALENA.

Chai ikafurika, ikazima jiko. Simu ikaliachia jina la kwanza, ikajiunga na la pili, yenyewe.

"Umechelewa, mjukuu wangu."