Herufi Nne za Da-rim

Da-rim alikuwa kwenye foleni ya mandu, zile sambusa za Kikorea za mvuke, katika soko la Mangwon, amevaa sare yake ya udereva wa treni iliyonyooshwa vizuri, kijana wa nyuma yake alipomwuliza herufi zake nne. Seoul nzima imefanya ule mtihani wa tabia unaompa kila mtu herufi nne za aina yake, lakini wengi angalau huanza na jina.

“Mimi Da-rim,” akamjibu. “Herufi utazipata ukininunulia mandu.”

Kijana huyo, jina lake Gyu-ho, akanunua sahani mbili za moto. Alipotajiwa herufi, akapiga makofi. “Mtulivu, mpangaji, hapendi kubembelezwa! Umenifaa kabisa, mrembo.”

Alikuwa na vishimo mashavuni na koti refu la kahawia, na Da-rim, kusema kweli, alikwisha kunaswa.

Wakapendana vizuri tu, mpaka baba yake Da-rim alipoingizwa chumba cha upasuaji wa moyo. Da-rim akampigia Gyu-ho simu, akamweleza.

“Pole, mpenzi,” alisema Gyu-ho kwa upole. “Najua watu wa herufi zako wakiwa na shida hutaka kuwa peke yao. Sitakusumbua.”

Na kweli hakumsumbua. Da-rim alikaa peke yake kwenye benchi la korido, akiogopa kama mtoto, na ikamuuma sana.

Baba alipona. Siku ya kuruhusiwa, Gyu-ho akatokea getini na shada la maua.

“Nani alikwambia nilitaka kuwa peke yangu?” Da-rim akamwuliza.

“Watu wa aina yako huwa…”

“Aina yangu ipi? Mimi niko mmoja tu, Gyu-ho! Mtihani wenyewe niliufanya huku nasinzia, nasubiri zamu. Simu ulikuwa nayo sikioni, nami nilikuwa upande wa pili. Si ungeniuliza?”

Masikio ya Gyu-ho yakawa mekundu kwa aibu. “Niliogopa kukosea. Nikaona kusoma habari za herufi zako ni rahisi kuliko kukuuliza. Nisamehe.”

Da-rim angeweza kuondoka kifua mbele, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alimpenda, pamoja na ujinga wake wote.

“Haya, niulize sasa.”

“Unataka nikae, au niende?”

“Ukae. Na unibembeleze hapa hapa, mbele ya watu wote hawa.”

Gyu-ho akamkumbatia. Da-rim akalia kwa sauti, wala hakumwonea mtu haya.

Baba yake, aliyekuwa akisukumwa na nesi kwenye kiti cha magurudumu, akamkazia macho yule kijana.

“Na huyu ni mtu wa namna gani?”

Da-rim akafuta machozi, akainua kichwa.

“Wangu, baba.”