Tairi Alizochagua Muigai

Jirani yangu pale mtaa wa Kapsoya, Eldoret, aliitwa Waiyego, na haya yalimpata yeye. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza akiwa ameketi jikoni kwangu, nguo zikimchuruzika maji. Sijaongeza chumvi.

Mume wake, Muigai, aliuza vipuri vya magari karibu na mtaa wa West Indies. Mwaka wa 2007, mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia gari la michezo ambalo bado lilikuwa vipande ndani ya masanduku: bodi ya faibaglasi, viti viwili na usukani. Mengine yote ilibidi ajitafutie, aunganishe mwenyewe. Rafiki yake Kigen, fundi wa kukereza chuma, akasema watalijenga pamoja. Basi kila Jumamosi ungewasikia nyuma ya nyumba wakigonga vyuma na kucheka. Kigen alikula kwa Waiyego kama mtoto wa nyumba hiyo. Waiyego aliposhikwa na uchungu wa kujifungua, Kigen ndiye aliyemkimbiza hospitali.

Kufikia Oktoba walikuwa wamefika kwenye magurudumu. Ekseli walizopata zilikuwa za pikapu kuukuu, na habu zake, yaani pale katikati gurudumu linapofungwa, zilikuwa na bolti nne. Rimu alizozipenda Muigai zilikuwa na matundu matano. Kigen akazibeba habu hadi karakana yake, akazikereza, akatoboa upya na kupigilia bolti mpya. Aliporudi na ya kwanza, Muigai aliizungusha kwa kidole, akainamisha sikio kusikiliza beringi.

"Haina kelele hata kidogo," akasema. "Kigen, wewe ni ndugu yangu."

Waligombania tairi tu. Kigen alitaka pana, za kutokeza nje ya bodi.

"Gari kama hii na tairi nyembamba? Itakaa mkokoteni."

"Na mvua ya Timboroa je? Hiyo pana yako itaelea kwa maji kama bata," Muigai akajibu. "Mimi nataka nyembamba, yenye meno marefu, ishike barabara. Nitakuwa nimebeba bibi yangu humo."

Muigai akashinda. Alizunguka mji mzima akiziminya tairi kwa kidole gumba na kunusa mpira, mpaka akapata nne alizozitaka. Zikawekwa kwa Kigen zikingoja habu zilizobaki.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na mji ukabadilika sura kwa mchana mmoja. Watu tuliokuwa tukiazimana chumvi tukaanza kuulizana majina ya baba zetu. Mimi ni mtu wa Bungoma, kabila langu halikuwindwa kama la Muigai na Waiyego, sikuguswa. Mama Chepkoech, jirani wa upande wa pili, aliwaficha Waiyego na mtoto nyuma ya magunia ya mahindi katika pikapu yake, akapita vizuizi akiwakemea vijana kwa Kikalenjin kama mama zao, akawafikisha salama kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao. Muigai hakuweza kufichika humo. Alibaki kwangu, chini ya kitanda.

Simu yake ikalia. Alikuwa Kigen. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikasikia kila neno.

"Toka sasa. Usipite barabara kubwa. Shika ile njia ya kijito, huko hakuna mtu. Nimeangalia mwenyewe."

Muigai alinishika mkono, akashukuru, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hakufika kambini. Maiti yake haikupatikana. Nyumba yao ilichomwa kesho yake, lakini gari halikuwamo. Kigen alikuwa ameshalihamishia kwake, na watu wakamsifu kwa kuokoa mali ya rafiki yake.

Mwaka uliofuata Waiyego alirudi Eldoret, nikampa chumba. Kigen alikuwa mtu wa kwanza kuja kumwona. Alileta maziwa ya mursik kwenye kibuyu, akalia mpaka sauti ikakauka. Waiyego ndiye aliyembembeleza.

Gari alikuwa amelimaliza. Kijani kibichi, zuri ajabu. Tairi zilikuwa pana.

"Zile zingine ziliibwa, shemeji," alisema akitazama chini. "Lakini hii ni yako. Mimi nilikuwa nashika tu."

Jumapili moja, ibada ilipoisha, mvua ilianza kunyesha na Kigen akajitolea kumrudisha Waiyego nyumbani. Mtoto nilikuwa naye. Mbele kidogo walikuta lori limeanguka na kuziba barabara. Watu wa boda boda walikuwa wakielekeza magari chini, kwa njia ya kijito.

"Tungoje waliondoe," Kigen akasema.

"Tungoje nini na mvua hii? Pita tu hapo chini."

Kigen hakusogea. Magari ya nyuma yakapiga honi. Akageuza usukani polepole.

Waiyego alisema kwamba mara tu walipoacha lami, kulianza kunuka mpira unaoungua. Kigen akafungua dirisha. Harufu ikazidi. Walipofika penye kijito, gari likasimama. Injini ilikuwa inanguruma. Magurudumu yalikuwa yanazunguka. Gari halikusogea hata kidogo, na tope halikuruka.

Kigen akazima injini. Magurudumu yakaendelea kuzunguka.

Yalizunguka bila kelele. Hata kidogo.

Kigen alishuka. Akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akanyoosha mkono. Gurudumu likasimama lenyewe.

Kisha Waiyego akasikia sauti. Ilitoka chini ya gari. Sauti ya mtu aliyelala chali, kama fundi anayeomba apewe spana.

"Kigen. Ni wewe uliniambia nipite huku."

Waiyego aliifahamu. Alikuwa amelala kando ya sauti hiyo miaka sita.

Kigen alipiga magoti kwenye tope. Alisahau kwamba hakuwa peke yake.

"Walisema watakuuliza maswali tu," akanong'ona. "Walisema nisipokutoa watachoma karakana. Ningefanya nini?"

Mvua.

"Na tairi?" sauti ikauliza.

"Walikuja kuzichukua, na dumu la petroli mkononi. Sikujua ni za..."

Akaegemeza paji la uso kwenye gurudumu.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni za nini."

Waiyego alifungua mlango wake. Kigen akainua macho, akamwona, akafunika uso kwa mikono. Waiyego alimpita, akaanza kupanda mlima kuja kwangu kwa miguu kwenye utelezi.

Wachunga ng'ombe walimkuta Kigen jioni, bado amepiga magoti. Gurudumu lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

Waiyego alipeleka mambo kanisani. Wazee wakaitana, wote waliomjua Muigai, wengine walikula harusini kwake. Kigen alikuja amefungwa bandeji mikono yote miwili. Alikuwa mtulivu sana.

"Mimi namheshimu shemeji," alisema. "Lakini huzuni imemchanganya. Siku hiyo gari lilikwama tu. Nilijichoma na injini."

Nilisimama nikaeleza ile simu niliyoisikia, ambayo hadi siku hiyo niliidhani ya kumwokoa Muigai. Mzee mmoja akaniuliza kama niko tayari kuapa kwamba Kigen alijua kilichokuwa kinamngoja mwenzake. Mwingine akasema nchi inapona, tusifukue makaburi. Waiyego akajibu kwamba yeye hana kaburi la kufukua. Hakuna aliyemwangalia usoni. Wakafunga kwa maombi, na walipotoka walipanga foleni kumpa Kigen pole kwa mikono yake iliyoungua.

Waiyego hakulia. Alifika nyumbani akaanza kukunja nguo zake aende kwao Nyahururu. Nilimsaidia. Tulipofika kwenye sweta nyeupe aliyovaa Jumapili ile, akaipangusa, akaniambia, "Nangila, sijawahi kukushukuru. Siku ile ningeanguka pale mlimani. Ulinishika vizuri."

"Nilikushika wapi?"

"Kwenye utelezi. Ulikuja nyuma yangu, ukanishika bega hadi mlangoni. Nilikuwa nalia, sikugeuka."

Sikutoka nyumbani siku ile. Nilikuwa na mtoto wake mgongoni. Nilimwona dirishani akipanda mlima, mwili umeegemea upande mmoja, na hakukuwa na mtu kando yake.

Sikumwambia. Nilichukua sweta nikaigeuza. Kwenye bega la kulia palikuwa na kiganja cha masizi, vidole vyote vitano, vikubwa, vya mwanamume. Hakikuwa kimeparuza wala kuvuta. Kilikuwa kimetulia tu.

Nilikisugua kwa sabuni, nikaloweka kwa maji ya moto, nikaanika juani. Hakikutoka. Na nilipoiondoa kambani jua lilikuwa limeshazama, nguo zingine zote zimepoa.

Pale begani palikuwa na joto.