Maharage Yaliyookoa Zabibu

Sufuria za Restuta zinajulikana Ihumwa nzima. Kila asubuhi anazisugua kwa majivu na mchanga, kisha anazipanga kwenye kichanja nyuma ya jiko. Jua likitoka, zinameta. Watu wanaopita kuelekea relini hugeuza shingo kuzitazama.

"Mkwe wangu," humtania Bibi Hilda, mama wa mume wake, "ipo siku utasugua mpaka sufuria itoboke. Tutapikia kwenye kofia ya Matonya."

"Kofia ya mwanao, mama? Ile hata nikiisugua mwaka mzima haitatakata!"

Matonya, mume wa Restuta, huvaa kofia yake vizuri na kwenda shambani. Kila siku ni hivyo, na kila siku wanacheka.

Familia hii inalima zabibu. Maji wanayapata kisimani, na pampu yao inaendeshwa kwa mwanga wa jua. Karibu na kisima pana fremu ya chuma yenye paneli tatu za sola. Paneli ya nne iko juu ya bati la nyumba. Hiyo inawasha taa na kuchaji simu. Zote nne zilinunuliwa pamoja, na ni za aina moja.

Mwaka huu mizabibu ilizaa sana. Vishada vilining'inia kila upande, na punje zilikuwa zinaanza kujaa. Wakati huo ndio mzabibu unataka maji. Ukiyakosa, punje husinyaa, na kazi ya msimu mzima hupotea.

Kisha upepo wa kiangazi ukaanza. Vumbi jekundu likaingia ndani ya nyumba, ndani ya nguo, ndani ya unga. Maji ya pampu yakapungua.

"Pampu imechoka," alisema Matonya.

Restuta alizitazama paneli. Zilikuwa nyekundu kwa vumbi.

"Pampu haijachoka," alisema. "Vioo ni vichafu. Niachie mimi. Kusugua ni kazi yangu."

Aliteka maji kisimani. Akachukua majivu, mchanga na dodoki lake. Alianza na paneli ya kwanza, akaisugua kwa nguvu kama anavyosugua sufuria. Aliposhika ndoo kwenda kwenye ya pili, alisikia harufu.

"Maharage!" Bibi Hilda alipiga kelele kutoka uani. "Restuta, maharage yanaungua!"

Restuta aliimwagia paneli ile maji ya kisima harakaharaka, akakimbia jikoni. Hakurudi tena. Mchana ule walikula ugali na maharage meusi.

"Leo tumekula makaa," alisema Bibi Hilda. "Lakini yana chumvi ya kutosha."

Kesho yake pampu ilikuwa na hali mbaya zaidi. Jua lilipanda, na bomba likatoa maji membamba kama uzi. Matonya alisimama kati ya mizabibu, akashika kishada kimoja, akakiachia. Restuta alimwona, akajiuliza. Je, yeye ndiye ameua shamba?

Matonya alimpigia simu jirani yao, Nasma. Nasma alisomea ufundi wa umeme wa jua, na ana duka la vifaa vya sola mjini, mtaa wa Majengo. Alifika kwa bodaboda na mfuko wake wa vifaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usikae jikoni tu, pana harufu ya jana."

Nasma alicheka. Alikwenda kwenye fremu, akapitisha kidole juu ya paneli ya kwanza. Ilikuwa na mistari mingi midogo, na juu yake ulikuwa umeganda ukungu mweupe.

"Hii imesuguliwa na nini?"

"Na mimi," alijibu Restuta taratibu. "Kwa majivu na mchanga. Nilitaka kusaidia."

"Najua, dada. Kila mtu anasafisha kwa njia aliyoizoea. Zile mbili pia?"

"Hapana. Maharage yaliungua."

"Basi tuyashukuru maharage. Naomba kikombe cha maji ya mvua."

Restuta alileta maji kutoka kwenye tangi la mvua. Nasma aliyamwaga taratibu juu ya paneli ya pili. Maji yalitandaa kama shuka, yakateremka pamoja na vumbi, yakaacha njia safi. Kisha akamwaga juu ya ile iliyosuguliwa. Hapo yalikatika vipande vipande, na matone yakabaki yamenata.

"Kwa nini?" aliuliza Matonya. "Si kioo kilekile?"

"Kioo ni kilekile, lakini juu yake kulikuwa na utando. Ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo huuoni. Umetengenezwa kwa oksidi ya madini."

"Oksidi ndiyo nini?" aliuliza Bibi Hilda.

"Bibi, chuma kikipata hewa na maji, kinafanya nini?"

"Kinaota kutu."

"Kutu ni aina ya oksidi. Ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani. Madini mengine nayo yana oksidi zake. Oksidi ya zinki ni unga mweupe. Hutiwa hata kwenye dawa ya kupaka ngozi. Lakini oksidi hizo zikitandazwa nyembamba sana, unaona hadi upande wa pili, kama maji safi."

"Na zina kazi gani?" aliuliza tena Bibi Hilda.

"Kila moja ina kazi yake. Utando wa juu wa paneli hizi una oksidi ya titani, madini mengine hayo. Jua likiupiga, unasaidia kuvunja uchafu kama wa ndege, na maji yanapita kama mlivyoona. Chini ya kioo kuna utando mwingine, wa zinki iliyochanganywa kidogo na madini mengine. Huo unaruhusu mwanga upite, na wenyewe unabeba umeme. Mmoja peke yake hautoshi. Ni lazima tando zote ziwe pamoja."

Bibi Hilda alipiga kofi moja.

"Sasa nimeelewa! Hilo ni paa la tembe! Nimezaliwa ndani ya nyumba ya tembe mimi. Chini boriti, juu yake fito, juu yake nyasi, kisha udongo. Boriti inabeba. Udongo unazuia mvua. Ukiondoa kimoja, huna paa."

"Bibi, mfano wako utanisaidia dukani," alisema Nasma.

Restuta aliinua uso. "Kwa hiyo nimebomoa paa?"

"Umekwangua udongo tu. Boriti ziko chini ya kioo, ziko salama. Paneli hii haijafa. Ila mikwaruzo inashika vumbi, na maji ya kisima yameacha chumvi juu yake. Na paneli hizi tatu zimeungwa kwa mstari mmoja, kama watu watatu waliobeba gogo. Mmoja akilegea, wote wanakwenda polepole."

Matonya alitazama juu ya bati la nyumba. "Na ile ya nne? Si ya aina hiihii?"

"Hilo ndilo nilitaka kusema! Tuzibadilishe nafasi. Hii ya mikwaruzo iende kwenye taa. Kazi hiyo itaiweza."

Nasma alizima pampu. Kabla ya kugusa nyaya, alizifunika paneli kwa mablanketi. "Paneli ikiona mwanga inatengeneza umeme," alisema, "hata kama pampu imezimwa. Kazi ya nyaya mwachieni fundi." Akazibadilisha nafasi paneli mbili zile.

"Kusafisha, fanya asubuhi, kioo kikiwa cha baridi," alimwambia Restuta. "Maji ya mvua na kitambaa laini. Basi. Majivu, mchanga na sabuni ya unga, hapana. Na paneli za aina nyingine zina tando nyingine, kwa hiyo muulize muuzaji kwanza."

Restuta alifuta paneli zote kwa mkono mwepesi, kama anayemfuta mtoto uso. Matonya akawasha pampu. Bomba lilikohoa, likatema tope, kisha maji yakaruka hadi kwenye kofia yake.

"Hatimaye imeoshwa!" alisema Bibi Hilda.

Maji yalikimbia kwenye mifereji, mstari kwa mstari, hadi mwisho wa shamba. Punje zilijaa, zikabadilika rangi, zikawa tamu. Siku ya kuvuna, majirani walikuja na ndoo na nyimbo. Nasma naye alikuja, na wenye sola wenzao walimwomba Restuta awaonyeshe namna ya kufuta paneli.

Mchana Restuta alipakua chakula. Bibi Hilda aliinamia sahani, akanusa.

"Maharage ya leo hayakuungua, mkwe wangu?"

"Hayakuungua, mama. Leo hayakuwa na zabibu za kuokoa."