Mgomba Uliozikwa Busisi

Kifaa kilikuwa mezani, ndani ya nyumba, Mabatini. Kilitakiwa kusoma sifuri. Kikasoma kilomita thelathini.

"Setilaiti imelewa," Chenge akacheka.

Na mwacheni ajidai. Shule aliikimbia, lakini kifaa cha mkononi cha kuonesha njia alikiunda mwenyewe, kwa kujifurahisha tu: ganda la kisahani cha sabuni, betri ya simu mbovu, kioo cha kuokota. Ukibonyeza, mshale unakuelekeza nyumbani na umbali uliobaki unaandikwa chini yake. Mtaa mzima ulishaoneshwa, upende usipende.

Kitu kimoja tu hakumwambia mtu: bodi ya kunasia setilaiti aliitoa wapi.

Kaka yake Nestory, mvuvi, alizama ziwani, ng'ambo ya Kigongo, siku ambayo chombo chake cha kuonesha njia kilikuwa kwa fundi. Fundi ni Chenge huyo huyo, aliyesema "kesho" wiki nzima. Mwili haukuonekana. Basi ukakatwa mgomba, ukaviringishwa shuka, ukazikwa Busisi, kilomita thelathini kutoka Mabatini, nyuma ya nyumba ya mama yao, Tereza, pamoja na kile chombo, ili marehemu ajue kwake ni hapo na asihangaike kutafuta.

Chenge alishakifungua na kuitoa bodi. Kilichozikwa na mgomba ni ganda tu, na jiwe ndani. Bodi nzima izikwe, kwa akili ya nani? Miezi ikapita, akamrithi na mjane, Sabina.

Kesho yake kifaa kikasoma ishirini. Halafu kumi.

"Kumi ni Nyegezi," Sabina akanong'ona. Mlangoni palinuka tope na dagaa waliooza. "Chenge, hilo ni jini. Linakuja."

"Kama ni kaka, apige hodi tumsongee ugali."

Mchana wa jua kali, maji yakapita chini ya mlango, taratibu, yakasimama kwenye miguu ya Sabina. Hapo mjuaji akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeharibu nini tena?"

Akasema yote.

"Kilete. Utafukua kwa mkono wako, ukirudishe. Leo hii."

"Atatulia kweli?"

"Nestory hakuwahi kunisumbua, mwanangu. Ni wewe tu."

Akafika Busisi jua likiwa bado juu, akavua shati, akafukua, mama akiwa amesimama ukingoni, na kadiri alivyochimba udongo ukazidi kuwa wa baridi, ukazidi kunuka ziwa, mpaka jembe likanasa shuka, akalivuta akitegemea uzito wa mgomba, likaja jepesi, limelowa chepechepe, na ndani yake hamna mgomba, hamna chochote, ila lile jiwe lake.

Mfukoni kifaa kikalia. Pi. Pi. Sifuri. UMEFIKA NYUMBANI.

Akataka kucheka. Halafu akakumbuka nyumbani ni Mabatini, na yeye yuko shimoni Busisi.

Akampigia Sabina.

"Mbona unapiga," Sabina akanong'ona, "na umeshaingia ndani? Nimekusikia ukivua viatu. Chenge, umelowa wapi hivyo?"

"Sabina, toka nje! Sabina!"

Simu ikabadilisha mkono. Kukasikika maji yakidondoka, kisha sauti ya Chenge mwenyewe, tamu, ya majigambo yale yale:

"Umenionesha njia, mdogo wangu. Sasa lala. Kaburi halikai tupu."

Chenge akainua macho. "Mama, nipe mkono."

Mama Tereza akamwangalia mtoto aliyesema "kesho" wiki nzima. Akaokota koleo. Donge la kwanza lilimpata mdomoni, akiwa bado ameachama.

Pale Mabatini, Chenge yupo. Hatengenezi simu tena. Ukimpa bisibisi anaigeuza kama hajawahi kuishika. Anasuka nyavu kibarazani, na mikono yake haikauki. Sabina hamwiti jina. Anamwita "wewe".

Na Busisi, nyuma ya nyumba, chini ya udongo, kitu kinalia: pi, pi, pi. Betri ile ilitakiwa kuisha siku nyingi. Mama Tereza anakisikia. Anawamwagia kuku mtama, na anaimba kwa sauti kubwa zaidi kidogo.